Unene na kupandikiza figo: ufanyiwe sasa au upunguze uzito kwanza?

Mgonjwa wa figo mwenye mwili mkubwa akifika kliniki ya upandikizaji, mara nyingi huondoka na agizo moja: nenda ukapunguze uzito, halafu urudi. Hapewi muda, haonyeshwi njia, wala haambiwi kama kilo anazotakiwa kutoa zitabadilisha chochote. Anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na mwaka unakatika. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya ndugu zake wanaochanga nauli huku wakijiuliza nani atoe figo.

Naanza na kosa linaloharibu mazungumzo haya kabla hayajafika mbali. Tunamlinganisha mnene aliyepandikizwa figo na mwembamba aliyepandikizwa figo. Tunaona mnene ana jeraha gumu kupona na siku nyingi zaidi wodini, tunahitimisha kuwa hafai. Lakini mgonjwa huyu hawezi kuamka kesho akiwa mwembamba. Vilivyo mbele yake ni viwili: kupandikizwa akiwa na uzito alionao, au kubaki kwenye mashine akiwa na uzito uleule. Mzani ukiwekwa hapo, jibu linageuka, na kwa wagonjwa wengi linageuka kabisa.

Kwanza, namba yenyewe

Kliniki nyingi huanza na BMI: unachukua kilo zako, unazigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kuanzia 30 unahesabiwa kuwa na unene uliokithiri, kuanzia 35 ni daraja la pili, kuanzia 40 ni la tatu. Tumchukue mama mmoja wa mfano, twende naye mpaka mwisho. Ana urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 109. BMI yake ni 40. Ili ashuke hadi 35 anatakiwa kuwa na kilo 95, yaani apunguze 14. Ili afike 30 anatakiwa kuwa na kilo 82 hivi, yaani apunguze 27. Kati ya kilo 14 na kilo 27 kuna safari mbili tofauti kabisa, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: mnataka BMI ngapi hasa? Vituo havifanani. Vipo vilivyoweka mpaka kwenye 35, na vipo vinavyokwenda hadi 40 au kuvuka hapo.

Kwa anayesafishwa damu kuna jambo linalosahaulika kirahisi. Uzito wa kuhesabia BMI ni ule wa baada ya maji kutolewa na mashine, ule ambao wauguzi huuita uzito mkavu. Mama yetu akipimwa Jumatatu asubuhi, baada ya mapumziko marefu ya mwisho wa wiki, anaweza kuwa na kilo 4 za maji matupu. Kilo hizo 4 zinaongeza BMI yake karibu pointi moja na nusu. Nisingependa mtu anyimwe nafasi kwa sababu ya maji ambayo yangetolewa mchana wa siku hiyohiyo. Uliza umepimwa lini, kabla ya mashine au baada.

Halafu BMI haioni mafuta yamekaa wapi. Figo mpya haiwekwi mgongoni zilipo figo za asili. Huwekwa chini ya tumbo, upande wa kulia au kushoto, ikaunganishwa na mishipa mikubwa ya damu inayopita nyonga. Mwanamke mwenye mapaja na makalio makubwa lakini tumbo la wastani anaweza kuwa rahisi kupasuliwa kuliko mwanamume wa BMI 33 ambaye unene wake wote ni kitambi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 wa KDIGO, shirika linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri mgonjwa asiondolewe kwa sababu ya unene peke yake, na unataka daktari wa upasuaji wa upandikizaji amkague mwili kwa macho na mikono yake. Kama umekataliwa kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi na hakuna daktari wa upasuaji aliyekugusa tumbo, omba akuone.

Kupandikizwa sasa, au kusubiri upungue

Hatari za kupasuliwa ukiwa mnene ni za kweli na sitazipunguza makali. Mishipa ya nyonga iko kina kirefu, na daktari anayeiunganisha ni kama mtu anayefanya kazi ya kushona ndani ya kisima. Upasuaji huchukua muda zaidi. Mafuta ya chini ya ngozi hayana damu nyingi, kwa hiyo jeraha hupata maambukizi kwa urahisi na hufunga polepole, hasa kwa kuwa mgonjwa anaanza papo hapo dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, na dawa hizo hushusha kinga na kuchelewesha kidonda. Ngiri kwenye mshono huwapata wanene zaidi. Maji ya limfu yanaweza kujikusanya kando ya figo yakaibana. Figo nayo huchelewa kuamka mara nyingi zaidi, maana yake mgonjwa anahitaji mashine tena ndani ya wiki ya kwanza baada ya upasuaji. Kisha kuna kisukari kipya: takrolimasi na prednisoloni, ambazo ni kati ya dawa hizo za kuzuia figo isikataliwe, zote mbili hupandisha sukari, na mwili wenye mafuta mengi tumboni ulishakuwa ukingoni tayari.

Sasa tazama upande wa kusubiri, ambao mara nyingi hauandikwi kwenye faili. Kila mwaka wa kusafisha damu una vipindi karibu 156. Katika muda huo mishipa ya moyo inaendelea kuganda chokaa. Mwenye katheta shingoni, yaani mrija wa kusafishia damu, anaishi na hatari ya maambukizi ya damu. Mkojo uliobaki hupungua hadi kukauka. Mwenye upungufu wa damu akiongezewa chupa baada ya chupa, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za watu wengine, na siku ya vipimo ikagundulika kwamba damu yake sasa inaikataa figo ya kaka yake ambayo mwaka uliopita ingefaa. Hili la damu nalisisitiza kwa sababu linazuilika: kama una mchangiaji na unatarajia kupandikizwa, waulize madaktari kama upungufu wako wa damu unaweza kutibiwa kwa sindano za kuongeza damu na madini ya chuma badala ya kuongezewa damu.

Takwimu zinasemaje? Uchambuzi mkubwa wa wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliuliza swali sahihi, yaani mnene aliyepandikizwa dhidi ya mnene aliyebaki kwenye orodha ya kusubiri figo akisafishwa damu. Waliopandikizwa waliishi zaidi. Faida ilionekana hata kwa wenye BMI ya 40 na kuendelea, ingawa kwao ilikuwa ndogo kuliko kwa wengine. Kuna jambo linalowachanganya watu hapa: tafiti nyingi pia zimeonyesha kwamba kwenye mashine wanene huishi muda mrefu kuliko wembamba. Ni kweli, na wapo wanaolitumia kusema bora abaki alipo. Lakini huko ni kumlinganisha mnene wa mashine na mwembamba wa mashine, ambaye mara nyingi kakonda kwa ugonjwa. Haisemi chochote kuhusu mnene aliyepata figo.

Katika Afrika Mashariki uamuzi huu una sura yake. Kenya wana historia ndefu zaidi kupitia Kenyatta National Hospital. Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwezi Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mwaka 2023 King Faisal ya Kigali ilianza, na mwezi Desemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Mulago, Kampala. Kote huko figo hutoka kwa mchangiaji aliye hai, aghalabu ndugu. Hakuna simu ya usiku wa manane kwamba kuna figo ya marehemu, njoo haraka. Tarehe ya upasuaji hupangwa, na hiyo ni faida kubwa kwa mgonjwa mnene: anaweza kupewa miezi inayojulikana ya kupunguza uzito, na siku inayojulikana ya mwisho. Lakini faida hiyo ina kikomo, kwa sababu mchangiaji naye ana maisha yake. Dada anaweza kupata ujauzito. Kaka anaweza kupanda shinikizo la damu. Mume wa dada anaweza kubadili mawazo baada ya kikao cha ukoo. Nadhani figo nyingi zimepotea kwa namna hii kuliko zilizopotea kwa jeraha lililooza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye BMI kati ya 30 na 35 mwenye mchangiaji aliyepita vipimo asisubiri kwa ajili ya uzito. Aanze kupunguza huku taratibu zikiendelea. Kati ya 35 na 40, tumbo likaguliwe kwanza, na kama daktari wa upasuaji anasema inawezekana, isisubiriwe namba nzuri zaidi. Kama anasema apunguze, basi apewe lengo la kilo na tarehe, mathalani miezi 6, na iandikwe kwamba tarehe hiyo ikifika kesi itajadiliwa upya hata kama lengo halijafikiwa. Juu ya 40, kama mama yetu, kupunguza kwanza kuna maana, kwa sharti kwamba anapewa njia yenye nguvu ya kutosha. Kumwambia mtu wa kilo 109 aache chipsi kisha arudi na kilo 82 ni kumfungia mlango kwa maneno ya upole.

Mwenye bahati zaidi katika haya yote ni yule ambaye figo zake zimebaki kidogo lakini hajaanza mashine. Huyo aanze leo. Miezi yake ya kupunguza uzito haimgharimu hata kipindi kimoja cha kusafishwa damu, na akipata mchangiaji anaweza kuivuka mashine kabisa.

Chakula, sindano au kisu

Njia za kupunguza ni tatu kwa uhalisia. Nimeziweka pamoja nikimtumia mama yetu wa kilo 109, kisha nitaeleza.

| | Chakula na mazoezi | Sindano za kila wiki | Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula |
|---|---|---|---|
| Kilo anazoweza kutarajia | 4 hadi 8 | karibu 10 akiwa na kisukari, karibu 16 asipokuwa nacho | karibu 27 |
| Muda | miezi 6 hadi mwaka | mwaka na zaidi | mwaka mmoja |
| Anafika BMI 35? | kwa kawaida hapana | labda | ndiyo, na huenda 30 |
| Kinachomtishia mgonjwa wa figo | kupoteza nyama badala ya mafuta | kichefuchefu, kutapika, kushuka sukari | upasuaji wenyewe, utapiamlo |
| Akiacha | kilo hurudi | kilo hurudi | nyingi hubaki zimeondoka |

Chakula kwanza, kwa sababu hapa ndipo mgonjwa wa figo anapopewa maneno yanayopingana. Ushauri wa kawaida wa kupunguza uzito ni kula matunda kwa wingi, mboga, kunde na maharage. Ushauri wa mgonjwa wa mashine ni kujihadhari na ndizi, parachichi, viazi, mihogo na madafu kwa sababu ya potasiamu, na kujihadhari na dagaa, maziwa na soda nyeusi kwa sababu ya fosforasi. Anayetii karatasi zote mbili hana cha kula. Pa kuanzia ni vile vitu ambavyo karatasi zote mbili zinakataa: sukari ya chai, soda, mandazi, vitumbua, chapati zilizojaa mafuta. Chipsi zinastahili kutajwa peke yake, maana zina mafuta, chumvi na potasiamu kwa pamoja, na chumvi huleta kiu, na kiu huleta maji ambayo mashine italazimika kuyatoa. Kisha punguza ukubwa wa ugali au wali, si protini. Anayesafishwa damu anahitaji protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa siku, zaidi ya mtu mwenye figo zenye afya, kwa sababu mashine huondoka na sehemu yake. Mayai, samaki na kuku vibaki sahanini. Anayejinyima protini hupungua kilo kweli, lakini zinazoondoka ni nyama za mapaja, na anafika chumba cha upasuaji dhaifu kuliko alivyoanza. Mazoezi, hata ya kutembea siku ambazo hakuna mashine, kazi yake kubwa ni kulinda nyama hizo.

Wakati wa kupungua, mtu wa mashine awaambie wauguzi wake. Uzito mkavu ulioandikwa mwezi wa kwanza hauwezi kubaki uleule mwezi wa tano. Kama mafuta yamepungua kilo 5 na mashine bado imepangwa kufikisha uzito wa zamani, zile kilo 5 zinabaki mwilini kama maji. Shinikizo linapanda, pumzi inakata usiku, na mgonjwa hudhani moyo umechoka. Kurekebisha namba hiyo ni kazi ya dakika moja.

Sindano ndizo zilizobadilisha mjadala miaka ya karibuni. Semaglutidi, inayojulikana na wengi kwa jina la Ozempic, ilipunguza wastani wa 14.9% ya uzito kwa wiki 68 katika jaribio kubwa la mwaka 2021 la watu wasio na kisukari, kwa dozi ya miligramu 2.4. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili dozi hiyohiyo ilipunguza 9.6%. Tofauti hii ni muhimu kwetu, kwa sababu wagonjwa wengi wa figo walio wanene wana kisukari, na matangazo huwaahidi namba ya wasio nacho. Mama yetu akiwa na kisukari atashuka hadi kilo 98 au 99, BMI 36. Kama kituo chake kinataka 35, sindano peke yake inamwachia hatua moja fupi ambayo chakula kinaweza kuimalizia. Tirzepatidi, sindano nyingine ya kila wiki, ina nguvu zaidi: jaribio la mwaka 2022 lilionyesha hadi 20.9% kwa wiki 72 kwa dozi ya juu, tena kwa wasio na kisukari.

Mwaka 2024 jaribio liitwalo FLOW, lenye watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa sugu wa figo, lilionyesha semaglutidi inapunguza kwa 24% hatari ya figo kuharibika sana au kifo kinachotokana na moyo au figo. Lakini watu hao hawakuwa kwenye mashine. Kwa hiyo aliye bado na figo kiasi ana sababu mbili za kuitaka dawa hii, na aliye kwenye mashine ana sababu moja tu, ya uzito. Semaglutidi haihitaji kupunguzwa dozi kwa sababu ya figo, na hilo ni jema. Ubaya ni kutapika na kuharisha, ambako kwa mwenye figo kidogo kunaweza kuzimalizia, na kushuka sukari kwa anayetumia insulini, maana insulini hukaa mwilini muda mrefu figo zikishindwa. Dozi ya insulini ipunguzwe na daktari mapema. Na kabla ya upasuaji wowote mtaalamu wa usingizi aambiwe kwamba unachoma sindano hizi, kwa kuwa chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida hata ukiwa umefunga. Bei ndiyo kikwazo chake kikubwa kwetu. Anayelipa mwenyewe apige hesabu ya mwaka na nusu nzima kabla ya kuanza, maana kuchoma miezi mitatu kisha kuacha hakumfikishi popote.

Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ndio wenye nguvu kuliko vyote. Hapa kuna aina mbili na kwa mgonjwa wa figo hazilingani hata kidogo. Aina ya kwanza hukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba, utumbo hauguswi. Aina ya pili hutengeneza kimfuko kidogo na kukiunganisha na utumbo wa mbele, chakula kikaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo. Hii ya pili huongeza ufyonzaji wa oksaleti, kemikali iliyomo kwenye vyakula vingi, ambayo hutoka kwa njia ya mkojo, hutengeneza mawe na inaweza kuiharibu hata figo iliyopandikizwa. Pia hubadilisha namna dawa za kulinda figo zinavyofyonzwa, na dawa hizo zinataka kiwango kile kile damuni kila siku. Ndiyo maana vituo vingi vinavyowaandaa wagonjwa wa kupandikizwa huchagua ya kwanza. Ukiambiwa utafanyiwa ya pili, uliza kwa nini, na usiogope kutafuta maoni mengine.

Mama yetu akifanyiwa ya kwanza anaweza kupoteza karibu robo ya uzito wake, akafika kilo 82 na BMI 30. Kwa mtu wa BMI 40 na kuendelea, mwenye mchangiaji aliye tayari kusubiri mwaka, mimi ningechagua hii kabla ya nyingine. Upasuaji kwa mtu wa mashine una hatari kuliko kwa asiye na ugonjwa wa figo, kwa hiyo ufanyike mahali penye madaktari wa figo karibu, na mashine ipangwe siku moja kabla. Puto la tumboni, kama linalowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, liko katikati: hakuna kinachokatwa, huondolewa baada ya miezi kadhaa, na kilo nyingi huweza kurudi likishatoka. Kwa mwenye tarehe ya kupandikizwa inayojulikana, hata kilo za muda zina thamani, maadamu zipo siku ya upasuaji.

Kuna njia ya nne inayouzwa mitandaoni na sitaiweka kwenye jedwali: chai na vidonge vya mitishamba vya kukata kitambi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza uzito vilivyochanganywa na mmea wenye asidi ya aristoloki. Wengi waliishia kwenye mashine au kupandikizwa, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Kwa aliyebakiwa na figo kidogo, kopo lisiloandikwa kilichomo ni hatari tupu.

Mkono wa daktari au mkono wa roboti

Sehemu hii inawahusu hasa wanaofikiria kutibiwa nje. Katika upasuaji wa wazi jeraha hukatwa chini ya tumbo, pale ambapo mafuta ni mazito na ngozi hukunjana na kutoa jasho. Kwa roboti figo huingizwa kupitia jeraha la sentimita 7 hivi lililo juu zaidi, mbali na mikunjo. Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago kilianza kuwapandikiza wanene kwa njia hii mwaka 2009. Ripoti yao ya mwaka 2013 ililinganisha wagonjwa 28 wa roboti na 28 wa upasuaji wa wazi: kundi la roboti halikuwa na hata mmoja aliyepata maambukizi ya jeraha, kundi la wazi lilikuwa na zaidi ya robo, na hiyo ni pamoja na kwamba wa roboti walikuwa wanene zaidi. India nako njia hii ipo. Medanta ya Gurugram iliianza mwaka 2013.

Kwa BMI chini ya 35 singeshauri mtu auze kiwanja kwa ajili ya roboti. Juu ya 40, kama kupungua kumeshindikana na familia ilikuwa inakwenda India kwa vyovyote, basi wachague kituo chenye uzoefu wa roboti kwa wanene, na waulize wamewafanyia wangapi wa uzito kama wa mgonjwa wao.

Na mchangiaji je?

Unene na kisukari hukaa ndani ya familia, kwa hiyo mara nyingi ndugu anayejitolea naye ana mwili mkubwa. Hapa ndugu wawili hulinganishwa nyumbani kabla ya kufika hospitali: kaka mnene ambaye tishu zake zinalingana vizuri na za mgonjwa, na dada mwembamba ambaye zake zinalingana kidogo. Watu wengi humchagua kaka. Mimi ningemtazama dada kwanza.

Sababu ni hii. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, uliofuatilia wachangiaji wapatao 120,000, ulikadiria kuwa miaka 20 baada ya kutoa figo, karibu wachangiaji 94 kati ya 10,000 waliokuwa wanene wangefikia figo kushindwa kabisa, dhidi ya karibu 40 kati ya 10,000 wasiokuwa wanene. Hatari bado ni ndogo, chini ya 1%, na si haki kumtisha kaka kwa namba hiyo. Lakini ni zaidi ya mara mbili, na inamwangukia mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Dawa za leo huwezesha figo isiyolingana sana kukaa vizuri miaka mingi. Hazijaweza kumrudishia kaka figo aliyoitoa.

Kama dada hayupo na kaka ndiye pekee, aingie kwenye mpango uleule wa kupungua pamoja na mgonjwa, na apimwe sukari kwa kina, pamoja na kipimo cha kunywa glukosi, si cha kidole tu. Kijana wa miaka 28 mwenye BMI 34 na mama mwenye kisukari ana miaka mingi mbele ya kuugua akiwa na figo moja. Mwanamume wa miaka 55 mwenye BMI hiyohiyo, sukari safi na shinikizo zuri, yuko salama zaidi, ingawa familia nyingi hufikiri kinyume, kwamba kijana ndiye mwenye figo ya kutoa. Kaka naye ana haki ya kusema hapana, na daktari mwema humpa nafasi ya kulisema hilo faragha, bila ukoo kusikia.

Baada ya figo kukubali

Kilo hazimaliziki siku ya upasuaji. Prednisoloni huleta njaa, ladha ya chakula inarudi, makatazo ya ndizi na parachichi yanaondolewa, na kuongezeka kilo 5 hadi 10 ndani ya mwaka wa kwanza si jambo la ajabu. Mama yetu aliyehangaika hadi kilo 95 anaweza kuwa 103 kabla ya sherehe ya mwaka mmoja. Huu ndio wakati wa kuuliza kama prednisoloni inaweza kushushwa hadi dozi ndogo, bila kuigusa mwenyewe nyumbani. Sindano za kupunguza uzito zinaweza kutumika pia baada ya kupandikizwa, kwa uangalizi, na kiwango cha takrolimasi kipimwe mara kwa mara wakati mgonjwa anatapika au anakula kidogo.

Kama mpango wa mfuko wa chakula ulikuwa umeahirishwa, unaweza kufanywa sasa, figo ikishatulia. Wapo wanaopendelea mpangilio huu, kwa kuwa mgonjwa anaingia kwenye upasuaji wa pili akiwa na damu safi na nguvu, na mchangiaji hakuwekwa mwaka mzima akisubiri. Kwa mama wa kilo 109 ambaye kaka yake ana ruhusa ya kazi mwezi Machi tu, na daktari wa upasuaji amemkagua tumbo akasema anaweza, ningempeleka Machi.